Gitaa Lisilo na Mwimbaji: Tusome Nini katika Blow by Blow?

Chukua makala yoyote ya uhakiki wa nyimbo iliyoandikwa na sisi wanafunzi wa fasihi. Mwandishi ataanza kwa kuyanakili maneno ya wimbo, kisha atayagawa mafungu: dhamira kuu hii, dhamira ndogondogo zile, ujumbe huu, falsafa ile. Akimaliza hapo anaongeza aya moja ya fani, anataja takriri na tashbiha, na kazi imekwisha. Muziki wenyewe, yaani ile sauti iliyomfanya aupende wimbo kabla hajajua hata unasema nini, haumo. Ni sawa na mtu aliyealikwa pilau akarudi nyumbani kusimulia sahani.

Makala haya yanajaribu kuhakiki kazi ambayo haina neno hata moja la kunakili. Nimeichagua santuri iitwayo Blow by Blow ya mpigagitaa Mwingereza Jeff Beck, iliyotoka mwaka 1975. Ina vipande tisa, dakika kama arobaini na tano hivi, na hakuna anayeimba. Ndugu msomaji, najua utakachosema kwa sababu nimeshaambiwa: hii si fasihi, huu ni muziki, wapelekee wenyewe. Fasihi ni sanaa itumiayo lugha, na hapa lugha haipo. Hoja hiyo si ya kipuuzi na sitaipita pembeni. Lakini sote tumefundishwa tangu sekondari kwamba wimbo ni utanzu wa fasihi simulizi. Kama ni hivyo, hapana budi tuulizane: mwimbaji anapofunga mdomo na vyombo vikaendelea, je, utanzu nao unasimama kumsubiri?

Kwetu mkoani Singida mfano wa jambo hili hautafutwi mbali. Nenda Manyoni, upande wa Wagogo. Akinamama wakishika muheme, zile ngoma wanazozibana mapajani, nyimbo zipo, lakini pana mahali nyimbo inanyamaza na ngoma zinabaki zikijibizana zenyewe. Hakuna mzee anayeinuka kwenda zake eti kwa kuwa maneno yamekwisha. Zeze nalo kwanza linamfuata mwimbaji, kisha linampita, linakwenda mahali ambako koo la binadamu haliwezi. Huko Unguja, vikundi vya taarabu ya asili kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vina desturi ya kufungua onyesho kwa bashraf, yaani kipande cha vyombo vitupu. Watu wazima, wamevaa vizuri, wameketi, wanasikiliza fidla na ganuni bila shairi lolote. Halafu sisi tunaandika juu ya taarabu: mafumbo, mipasho, nafasi ya mwanamke. Bashraf tunaifanya kama ule muda wa watu kutafuta viti.

Na kwenye muziki wa dansi, mbona tunayo sebene? Beti zikiisha, gitaa la solo linashika usukani na hapo ndipo ukumbi unapoamka. Ukimuuliza mchezaji kwa nini alipanda jukwaani kumtuza mpigasolo, hatakutajia dhamira yoyote.

Nadhani masikio yetu yamekuwa ya maneno kwa sababu za kihistoria. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 bendi nyingi zililelewa na taasisi za umma: NUTA, Jeshi la Kujenga Taifa, Polisi. Kurekodi kulifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam, na mashairi yalipitiwa kwanza kuonekana kama yanafaa kwa jamii. Solo haikuhitaji kupitiwa na mtu. Basi mazungumzo yote ya hadharani juu ya muziki yakawa ni mazungumzo juu ya kile kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri. Uhakiki wa vyuoni, uliokuwa ukikua katika miaka hiyohiyo na kuuliza swali hilohilo la kazi hii inamfaa nani, ukarithi sikio hilo. Sisemi swali hilo ni baya. Nasema limetufanya viziwi wa nusu ya kazi.

Sasa tuingie kwenye santuri yenyewe.

Jeff Beck alizaliwa Juni 1944 huko Wallington, kusini mwa London. Mwaka 1965 aliingia bendi ya Yardbirds, kisha akaunda kundi lake akiwa na mwimbaji Rod Stewart, wakatoa Truth mwaka 1968 na Beck-Ola mwaka uliofuata. Stewart alikuwa na sauti ya mchanga na jina lake likapaa. Kundi likavunjika, Beck akabaki anahangaika na waimbaji wengine, na kusema kweli hakuna aliyemfaa. Ilipofika mwaka 1974 aliamua kukiondoa kabisa kiti cha mwimbaji jukwaani.

Uamuzi huo haukuzuka hewani. Huko Marekani Miles Davis alishatoa Bitches Brew mwaka 1970, akiingiza vyombo vya umeme na midundo ya roki ndani ya jazi. Mpigagitaa aliyekuwa naye, John McLaughlin, Mwingereza pia, akaanzisha Mahavishnu Orchestra na kutoa The Inner Mounting Flame mwaka 1971. Billy Cobham, mpigadramu wa kundi hilo, akatoa Spectrum mwaka 1973. Hii ndiyo jazi ninayoizungumzia. Natoa tahadhari hiyo maana kwetu neno lenyewe lina historia nyingine: Tabora Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz hazikuwa bendi za jazi kwa maana ya Miles Davis. Jina lilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa na matarumbeta, basi.

Beck akamtafuta George Martin, mtayarishaji wa Beatles, ambaye mwaka huohuo wa 1974 alikuwa ametayarisha Apocalypse ya Mahavishnu. Wakaingia studio ya AIR, London, Oktoba 1974: Max Middleton kwenye kinanda, Phil Chen, mzaliwa wa Jamaika, kwenye besi, na Richard Bailey kwenye dramu. Santuri ikafika nafasi ya nne katika chati ya Billboard huko Marekani, jambo la kushangaza kwa kazi isiyo na mtu wa kuimba nayo bafuni.

Msomaji wa fasihi ataanzia wapi? Mimi nilianzia kwenye majina, kwa kuwa ndiyo maandishi pekee tuliyopewa. Kipande cha kwanza kinaitwa "You Know What I Mean", yaani unanielewa ninachosema. Hebu fikiri! Santuri isiyo na neno inafunguliwa kwa kukuambia kuwa umeshaelewa. Kingine kinaitwa "Constipated Duck", bata aliyefunga choo. Hilo ni jina la utani, na nadhani liliwekwa makusudi ili mhakiki kama mimi asije akatafuta falsafa mahali ambapo watu wanne wanafurahia mdundo. "Freeway Jam" ni jina lenye maana mbili: msongamano wa magari katika barabara kuu, na wanamuziki kupiga pamoja bila kuandikiwa. Hapo kuna fumbo halisi la lugha, dogo lakini limo, na kipande chenyewe kinalijibu. Mdundo wa Bailey unatembea mwendo wa lori lenye mzigo ambalo dereva wake hana haraka, na juu yake Beck ananyonga nyuzi mpaka zinapiga kelele kama honi. Aliyewahi kupita Sekenke, pale magari yanapoteremka kwa gia nzito na makondakta wananing'inia milangoni, hatahitaji kuelezwa.

Lakini jina lililonikamata ni la kipande kinachofungua upande wa pili: "Cause We've Ended as Lovers". Tuseme: Kwa sababu mapenzi yetu yamekwisha. Angalia sarufi yake. Ni kishazi tegemezi kilichoachwa bila kishazi huru. Kwa sababu mapenzi yetu yamekwisha, kisha nini? Sentensi imeanzia katikati na haikumalizwa.

Wimbo huu aliutunga Stevie Wonder, na uliwahi kutoka mwaka 1974, ukiwa na maneno, katika santuri ya Syreeta Wright aliyoitayarisha Wonder mwenyewe. Wawili hao walikuwa wameoana mwaka 1970 na kuachana mwaka 1972. Yaani mwanamume anamtungia mke aliyeachana naye wimbo wa kuachana, naye anauimba. Ukiwa na toleo hilo mkononi, uhakiki wetu wa kawaida unapata shibe: wasifu wa mtunzi, suala la ndoa, nafsi nenewa, nani anamwambia nani. Na Syreeta anaimba vizuri, tena kwa utulivu, bila kujililia.

Beck anaichukua sauti hiyohiyo na kuyatupa maneno. Kwa hesabu ya darasani, maudhui yametoka, imebaki fani. Basi kazi ingepaswa kuwa tupu, na sivyo ilivyo.

Tusikilize mwanzo. Beck anagusa uzi akiwa amefunga kitufe cha sauti kwenye gitaa lake, kisha anakifungua polepole kwa kidole. Kwa hiyo ule mlio wa kucharaza, ile "ting" ambayo kwayo tunatambua kuwa hili ni gitaa, haupo. Sauti inaingia kutoka kimyani, inavimba, inatoweka. Hujui imeanza saa ngapi. Huu ndio mwanzo usio na mwanzo uliomo katika jina, ile "kwa sababu" iliyokatwa kichwa. Baadaye, taratibu, anaanza kucharaza waziwazi, na kila mshororo (sina neno jingine) unafuatwa na kituo kirefu ambamo kinanda cha Middleton kinajibu kwa sauti ya chini. Mshororo unarudiwa, lakini kila ukirudi kuna kitu kimebadilishwa: safari hii uzi umenyongwa kabla ya kuguswa, safari nyingine noti ya mwisho imeachwa iteleze chini kama mtu aliyeanza kusema akaona haina haja. Hii ni takriri. Tena ni takriri inayofanya kazi ambayo takriri nyingi katika mashairi tunayoyasifu haziifanyi, kwa kuwa kinachorudi si kilekile. Kisha kipande kinapanda, noti zinajaa na kukimbilia juu kabisa ya shingo ya gitaa, na unapodhani sasa litasemwa, linashuka tena.

Je, ni halali kusema hapa pana maudhui? Kwa maana ya dhamira inayoweza kuandikwa kwenye mstari mmoja wa daftari, hapana. Lakini pana mtu anayeshindwa kumaliza sentensi, na kushindwa kwake kumepangwa kwa ustadi hatua kwa hatua. Toleo la Syreeta linatuambia juu ya kuachana. Hili la Beck linatuweka mahali ambapo maneno ya kuachana hayajapatikana. Kwenye jalada Beck aliandika kuwa anakitoa kipande hiki kwa Roy Buchanan, mpigagitaa wa Marekani, na hilo nalo linageuza mambo: wimbo wa mke na mume umekuwa salamu ya fundi kwa fundi mwenziwe. Mhakiki wa wasifu amefungiwa mlango.

Ushahidi wangu mwingine uko upande wa kwanza, na ni wa kinyume. "She's a Woman" ni wimbo wa Beatles, na humo Beck anatumia kifaa cha mpira wa bomba unaopeleka sauti ya gitaa kinywani mwa mpigaji, naye anaiumba kwa midomo na ulimi mpaka gitaa linakaribia kutamka. Ni mahali pekee katika santuri nzima ambapo gitaa linajaribu kusema maneno. Na, kwa sikio langu, ndipo linaposema kidogo zaidi! Linafurahisha kwa mara ya kwanza kama kasuku anavyofurahisha. Baada ya hapo unaanza kusubiri kipande kiishe. Hapa watu wa "fasihi ni lugha" wangetegemea kinyume, kwamba gitaa likikaribia lugha lipate maana zaidi.

Sitaki nieleweke kwamba kila kilichomo ni dhahabu. "Air Blower" inaanza kwa moto halafu inasahau ilikuwa inakwenda wapi, hadi inapomwagikia ndani ya "Scatterbrain" bila kupumua. Hii "Scatterbrain" inapigwa kwa mapigo tisa badala ya manne, mbio, na vidole vinashangaza. Lakini hapo Beck anashindana na McLaughlin kwenye uwanja wa McLaughlin. McLaughlin ni mtu wa noti nyingi, Beck ni mtu wa noti moja iliyofanyiwa mambo mengi. Akiacha tabia yake anakuwa mwanafunzi hodari wa mtu mwingine. "Diamond Dust", kipande cha mwisho kilichotungwa na Bernie Holland, kina mapigo matano na utulivu mzuri, ila George Martin amekipakaza fidla nyingi mpaka kinateleza. Wapo wenzangu wanaokiona ndicho bora. Tumebishana sana juu ya fidla zile, na sijabadili msimamo: zinamwambia msikilizaji ahuzunike kabla gitaa halijamwambia lolote, na huo ni uvivu uleule wa mwandishi wa riwaya anayeandika "alikuwa na huzuni kubwa" akaenda zake kulala.

Kuna pingamizi la pili, zito kuliko lile la lugha. Ataniuliza mtu: muziki huu unamsaidia nini mkulima wa alizeti wa Iramba? Si ni starehe ya vijana wa Ulaya wenye vyombo vya gharama? Swali hili tumelirithi na si la kudharauliwa. Ila tuwe waangalifu, kwa kuwa mkulima huyohuyo wa Iramba tunamtaja kila tunapotaka kukwepa kusikiliza, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda sebene. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, akiacha vina na mizani, alijibiwa na wengi kuwa huo si ushairi na si wetu. Leo tunakaa kwenye mtihani tunajibu maswali juu yake. Waliompinga walikuwa na hoja nzuri juu ya mapokeo. Kilichowaponza ni kudhani kwamba kanuni walizozoea ndizo ushairi wenyewe.

Walakini nakubali kwamba uhakiki wa namna hii una hatari yake, nayo ni uropokaji. Maneno yakikosekana, mhakiki anajijazia yake. Utasikia "gitaa linalia", "gitaa linanung'unika", "gitaa linasimulia mateso ya mtu mweusi", na hakuna anayeonyesha ni wapi. Napendekeza tujiwekee sharti moja: usiseme gitaa linalia mpaka uonyeshe ni noti gani, imefanywa nini, na imekuja baada ya nini. Katika shairi tunadaiwa kutaja ubeti na mshororo. Hapa tudaiwe dakika na namna ya kugusa uzi. Tukishindwa kutaja, basi tunyamaze, tusimsingizie msanii huzuni yetu.

Nimalizie na mtu wa kwetu. Mbaraka Mwinshehe alizaliwa Juni 1944, mwezi uleule na mwaka uleule aliozaliwa Beck, akafariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Beck alikufa Januari 2023. Mmoja alipata miaka thelathini na minne, mwingine sabini na minane. Mbaraka alipiga solo na kuimba, kwanza Morogoro Jazz, kisha kuanzia mwaka 1973 na bendi yake ya Super Volcano, na ameandikwa kama mtunzi: ushauri wake kwa vijana, mapenzi, nyimbo za kumsifu huyu na yule. Haya yote ni kweli. Lakini santuri ndogo za miaka ile mara nyingi ziligawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ulibeba beti, upande wa pili ukabeba sebene, mwimbaji akiingia kwa kelele mbili tatu tu za kuchangamsha. Fundi akipeleka santuri sokoni alikuwa akiuza pande zote mbili kwa bei moja, na kwenye baa za Singida mjini ukiomba muziki wa zamani watu wanainuka kwa huo wa pili. Solo ya Mbaraka ina tabia ya kushika kijisauti kifupi, kukirudia mpaka wachezaji wakizoee, kisha kukihamisha mahali pamoja tu, noti moja, na miguu ya ukumbi mzima inahama nayo. Hapo pana takriri, pana kituo, pana mategemeo yanayojengwa na kuvunjwa. Mwenye santuri hizo nyumbani, au baba mwenye kaseti ambazo bado zinacheza, aanze na upande wa pili, na kalamu aiache mezani mpaka kipande kiishe.